Kisanduku cha Jina la Baba

Mara ya tatu Judith Nyamhanga alipoambiwa arudi nyumbani akalete karatasi nyingine, hakujibu kitu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atatukana, na kumtukana ofisa wa mfuko wa ufadhili siku nne kabla ya maombi kufungwa ni ujinga ambao hata yeye, kwa hasira zote alizokuwa nazo, aliuona. Alikunja bahasha yake ya kaki, akaaga, akatoka.

Mfuko wenyewe uliitwa Soma Jirani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini Musoma, juu ya duka la vifaa vya umeme, na ulilipa ada yote ya kijana wa mkoa wa Mara atakayesoma chuo ndani ya Mara na kulala kwao. Masharti yalimkaa Judith sawasawa. Chuo alichochaguliwa kilikuwa Butiama, nusu saa kwa pikipiki kutoka nyumbani. Angekula ugali wa kwao, na jioni angemtia dawa ya macho bibi Gaudensia, ambaye siku hizi alianza kuwatambua ng'ombe wake kwa sauti. Bila mfuko huo hakuna chuo, si cha Butiama wala cha mbali. Hilo walishalijadili nyumbani wakalimaliza.

Mengine yote yalishakubaliwa; kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya mtandaoni. Jina la baba, na chini yake namba ya kitambulisho cha baba.

Baba wa Judith alikuwa Gaudensia.

Kijijini kwao jambo hili halimshangazi mtu. Gaudensia alifiwa na mumewe, mzee Nyamhanga, bila kupata mtoto, na boma likabaki na jina lisilo na wa kulibeba. Akafanya kama wafanyavyo wajane wa huko wenye mifugo: akatoa ng'ombe, akaoa. Alimwoa Jenoveva kwa mahari kamili na mbele ya wazee, na ndoa ya namna hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Jenoveva akamzaa Judith na mwanamume ambaye Gaudensia alimkubali, mtu ambaye hakudaiwa kitu na hakuwa na cha kudai. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Padri anajua, na huwa anatazama pembeni. Basi karani alipokuja kusajili vyeti vya kuzaliwa na kuuliza baba ni nani, Gaudensia alisema, "Mimi," akatoa kitambulisho chake. Karani alikuwa mtu wa hukohuko, akaandika. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hapakuwa na kosa.

Mfumo wa Musoma ndio ulioliona. Kila ukiingiza namba ile, yanatoka maandishi mekundu: Jinsia ya baba hailingani.

Ofisa aliitwa Fred, kijana mwembamba, mpole, mwenye adabu zake, na hilo lilimkera Judith zaidi maana lilimnyima mtu wa kumchukia. Mara ya kwanza Fred alisema huenda namba imekosewa, akahakikishe. Mara ya pili alisema alete cheti cha kifo cha mzee Nyamhanga. Judith alichakura sanduku la Gaudensia siku mbili nzima akakipata. Alipokipeleka, Fred alikisoma, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Dada, huyu mzee alifariki miaka tisa kabla hujazaliwa."

"Ndiyo."

"Sasa mimi naandikaje hapo?"

Na hivyo ndivyo alivyorudishwa mara hii ya tatu. Safari hii Fred alitaka namba ya baba mzazi. Namba tu, alisema, kama vile anaomba chumvi.

Nyumbani, Jenoveva alisubiri mpaka Gaudensia alipokwenda zizini, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Muandike Burito. Ni namba tu, mwanangu. Namba haina shida."

"Mama, Burito si baba yangu."

"Najua. Mfumo haujui."

Jumatano Judith alikwenda Bunda. Burito, yule mwanamume aliyekubaliwa na Gaudensia, alikuwa fundi pikipiki karibu na stendi, mtu wa kucheka sana, na Judith alimfahamu kama unavyomfahamu jamaa wa mbali unayekutana naye misibani. Alimpokea vizuri. Akamnunulia soda, akafuta mikono yake yenye grisi, akatoa kitambulisho mfukoni. Judith aliponyoosha mkono kukipokea, Burito hakukiachia.

"Siku watu wa posa wakija," alisema, "wanakujaga kwa mtu aliyeandikwa. Si ndiyo?"

"Wanakuja kwa Bibi."

"Bibi mzee yule. Mimi nasema tuelewane mapema tu, isije kuwa maneno. Karatasi ikisema baba ni mimi, basi baba ni mimi. Ng'ombe zinakuja Bunda."

Alisema kwa upole kabisa, tena akitabasamu. Judith aliiacha soda nusu. Njia nzima alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua itue wapi. Ilimwendea Burito, ikamwendea Fred, ikamwendea mama yake, ikaishia kwa mtu asiyemjua, yule aliyekaa mahali fulani penye kiyoyozi akatengeneza fomu na kuamua kwamba baba wote nchini wanafanana. Alisoma kwa taa ya mchina miaka minne, akafaulu, akachaguliwa. Leo anaambiwa kilichobaki ni kujiuza kwa fundi pikipiki ili asome.

Gaudensia aliposimuliwa yote aliuliza siku ya mwisho ni lini. Akaambiwa Ijumaa.

"Ijumaa nitakuja mwenyewe."

Ijumaa hiyo alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani. Alipanda ngazi za ofisi polepole, Judith nyuma yake. Fred alisimama alipomwona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unamsumbua mtoto wangu?"

"Si mimi, bibi. Ni mfumo."

"Huyo mfumo anakaa wapi niongee naye?"

Fred akavuta kiti, akamkalisha, akageuza kompyuta ili Judith naye aone. Alieleza kwamba mfumo unamtaka baba mwanamume, na akiwa hai, unataka na namba yake.

"Na akiwa amekufa?"

"Akiwa amekufa hautaki namba."

"Basi andika nimekufa."

"Bibi, kufa kunataka cheti."

Gaudensia aligeuza uso upande wa dirishani. "Kwa hiyo nikiwa hai sifai," alisema, "na kufa siruhusiwi."

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, na Fred aliitaja akiwa ametazama meza. Ungeweza kuchagua neno Hajulikani. Baba hajulikani. Kwa hilo walihitaji kiapo cha mwanasheria, mkubwa wa familia aape kwamba hamfahamu baba wa mtoto, na hicho kiapo kingefuta kilichoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwanasheria yupo jengo la pili. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

"Hapana," alisema Judith. "Hajulikani ni nini? Mama yangu aliolewa. Kijiji kizima kilikula hiyo harusi. Sasa niandikwe kama mtoto aliyeokotwa?"

"Dada, nakuelewa."

"Hunielewi. Ungenielewa usingenirudisha mara tatu."

Gaudensia ndiye aliyesema, naye alikuwa na swali moja tu.

"Jina la mtoto litabaki?"

"Jina la mwanafunzi haliguswi, bibi."

"Nyamhanga litabaki?"

"Litabaki."

"Basi twende kwa huyo mwanasheria."

Judith alimshika mkono, akamwambia waache, kwamba atatafuta kibarua, atalima, atasubiri mwaka mwingine. Gaudensia aliutoa ule mkono taratibu. Mwaka mwingine, alisema, macho yangu yatakuwa yamekwisha, na fomu itakuwa hiyohiyo.

Mwanasheria alikuwa mama mmoja mwenye haraka. Alichapa, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti kwa sababu sheria inamtaka asome. Mimi Gaudensia Nyamhanga, mjane, Mkristo, naapa na kuthibitisha kwamba simfahamu na sijawahi kumfahamu baba wa Judith Nyamhanga. Akauliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Nyie ndio hamjaelewa," alisema Gaudensia. "Ila lete hiyo wino."

Akaweka dole gumba. Mwanasheria akagonga mhuri, akapokea hela yake, akaita mtu mwingine.

Waliporudi, Fred alipakia kiapo kwenye mfumo, na maandishi mekundu yakaondoka. Kilibaki kisanduku cha mwisho, uhusiano wa aliyeapa na mwanafunzi. Fred alisoma orodha: mama, shangazi, mjomba, bibi, mengineyo.

"Niweke bibi?"

"Mimi sikumzaa mama yake wala baba yake," alisema Gaudensia. "Bibi ni la kuniitia nyumbani. Usiongeze uongo mwingine. Huo mmoja unatosha leo."

Fred akabonyeza Mengineyo. Ilipofika saa tisa na dakika kumi, simu ya Judith ikalia. Ombi lako limekubaliwa. Ada italipwa chuoni kwa miaka minne. Aliyangoja maneno hayo tangu matokeo yatoke, na alipoyasoma alitamani kumrushia mtu ile simu.

Walikuwa katikati ya ngazi Gaudensia aliposimama.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Sasa mbona unalia?"

"Wamekuandika mengineyo."

Gaudensia alipapasa ukuta kwa mkono wenye wino. Akawapisha watu wawili waliokuwa wakipanda.

"Hilo haliniumi," alisema. "Nilipotoa zile ng'ombe, watu walisema ni mwanamke gani huyu anaoa, wakacheka mpaka wakachoka. Nilikuwaga nawajibu wote, mmojammoja: mtoto atakayezaliwa hapa ni wangu. Sikuwahi kushindwa kujibu. Leo nimekukana, Judith. Tena hakunishikia mtu panga. Nimekukana kwa mdomo wangu na dole langu."

Judith alikuwa na ada ya miaka minne mkononi. Kwa mkono wa pili aliushika ule wa Gaudensia wenye wino, wakaendelea kushuka.