Kopo la Kushoto

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na tusimtafutie mtu wa kumsaidia kuubeba ujinga wake. Mtafiti aliyesomea magonjwa ya ngozi hadi macho yakapauka, anayeweza kukutazama kiwiko akakueleza mwili wako unagombana na nani, alisimama katikati ya chumba cha vipimo ameushika mkono wa kulia wa msusi, akicheka kama aliyeokota pesa.

"Wa kushoto umepona," alisema.

"Ndicho nilichokuja kukuonyesha," alijibu msusi.

"Na huu wa kulia pia umepona."

"Ulitaka ubaki?"

Hakumsikia. Alikuwa akipitisha kidole gumba pale ambapo, miezi mitano nyuma, palikuwa na magamba manene kama nta iliyomwagikia meza. Sasa palikuwa laini, peusi kidogo kuliko pembeni, kama kitambaa kilichotolewa kiraka. Aliuinamia mkono ule na miwani yake, akaugeuza, akaugeuza tena. Msusi akamwangalia utosini, akasema nywele zake zinahitaji mtu.

Ugonjwa wenyewe hauna huruma. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kulinda mlango, siku moja inaamka na kumgeukia mwenye nyumba. Ngozi inavimba, inakauka, inapasuka, inamwaga magamba kwenye shuka. Hauambukizi. Lakini nenda wewe kawaeleze hilo wateja wa msusi, waliokuwa wakisema anawanyunyizia unga kichwani, kisha wakahamia kwa jirani yake.

Dawa alikuwa ameichanganya mtafiti mwenyewe, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Miaka saba. Wenzake wa maabara walimpa jina la Magamba, kwa sababu mifukoni mwake hamkukosekana kichupa chenye vipande vya ngozi ya mtu. Mama mkwe wake aliwaambia majirani kwamba binti yake ameolewa na fundi wa vipele. Na hakuwa na pa kujificha: hata msibani, kabla hajapata pa kukaa, mfiwa mmoja alikuwa ameshakunja suruali. "Shemeji, samahani, hiki nacho ni nini?" Naye alikuwa akiinama kutazama. Hilo ndilo lililomfanya apendwe, na ndilo lililomfanya asipandishwe cheo.

Utaratibu wa majaribio aliubuni kwa makini. Kila mgonjwa alipewa makopo mawili yanayofanana. Kopo la kushoto lipakwe mkono wa kushoto, la kulia mkono wa kulia. Kopo moja lilikuwa na dawa, jingine mafuta matupu, na aliyejua lipi ni lipi alikuwa mfamasia peke yake. Mwili ni ule ule, chakula kile kile, mawazo yale yale. Mkono mmoja ukipona na ndugu yake asipone, hapo huwezi kusema ni bahati. Mtafiti alipima mikono yote mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa dawa, halafu angeipima tena siku ya mwisho. Katikati, wagonjwa walikuja tu dirishani kurudisha makopo yaliyokwisha na kuchukua mapya, naye akayaweka yale ya zamani kwenye mizani kuhakikisha yametumika. Yalirudi matupu, yote mawili, kila mara. Alisifu sana nidhamu yao.

Basi siku hiyo ya mwisho, baada ya msusi aliingia dereva. Mikono yote miwili imepona. Akaingia mwalimu. Yote miwili. Akaingia mama wa duka la vitambaa, akakunja mikono ya gauni kwa madaha, na yote miwili ilikuwa imepona. Mtu mwenye akili timamu angeanza kutokwa jasho. Magamba alikuwa akiimba puani. Alipomaliza mgonjwa wa mwisho, alipanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwa mkuu wa maabara.

Mkuu alikuwa akimenya chungwa kwa kisu, ganda likining'inia refu bila kukatika.

"Mkuu, wamepona."

"Mikono ipi?"

"Yote."

Kisu kikasimama. "Yote, maana yake?"

"Wa kushoto na wa kulia. Wagonjwa wote. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Hata mimi sijawahi," alisema Mkuu. "Hebu rudia polepole, na safari hii ujisikilize."

Akarudia. Katikati ya sentensi akajisikia, na lile tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Kwa hiyo uliopakwa dawa yako umepona," Mkuu alimsaidia.

"Ndiyo."

"Na uliopakwa mafuta matupu umepona."

"Inaonekana hivyo."

"Kwa kiasi kile kile."

Mtafiti akavua miwani, akaifuta.

"Hongera, bwana mdogo. Miaka saba umetafuta, umegundua mafuta ya mgando. Muuza duka angekuambia bure."

"Mwezi wa kwanza tofauti ilikuwepo. Niliipima mwenyewe."

"Na leo haipo. Kinachohesabiwa ni cha leo." Ganda likakatika, likaanguka mezani. "Funga majaribio. Kusanya makopo yote kabla hawajaondoka. Na chumba ukiache wazi, vile viti vinanyeshewa nje."

Alishuka ngazi moja moja. Ukumbini wagonjwa walikuwa bado kwenye benchi, mikono wazi, wakilinganisha viwiko kama watu wanaochagua kitambaa. Mwalimu alikuwa akimshika dereva mkono na kusema wake ndio laini zaidi. Mtafiti akasimama mbele yao.

"Nani alipaka nini, wapi?"

Vichwa vyote vikageuka upande wa msusi.

"Msinitazame mimi," alisema msusi. "Mlikuwa mmekaa hapa mnalia, mimi nikasema neno moja tu."

"Neno gani?"

"Kwamba linalofanya kazi linaonekana. Basi lipakwe kote. Langu lilikuwa la kushoto, la dereva lilikuwa la kulia. Ukilipaka jembamba linatosha mikono miwili."

"Lakini hata yale mengine yalirudi matupu. Niliyapima."

"Yale ni mazuri kwa nywele," alisema. "Nimesuka nayo mtaa mzima. Vidole vinateleza vyenyewe."

"Mimi nimelainisha bawaba za geti," alisema dereva, akikohoa.

Mwalimu alitazama viatu vyake, ambavyo kwa kweli viling'aa.

Benchi likacheka, na yeye akacheka nao, tena kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameelewa: dawa inafanya kazi. Hawakupona kwa mafuta. Walipona kwa dawa, nusu dozi, mikono yote. Akageuka akapanda ngazi kwa mara ya pili. Nilisema alikuwa mjinga siku hiyo. Sikusema mara moja tu.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akitafuna.

"Kwa hiyo mashahidi wako ni waongo."

"Wamedanganya kwa sababu dawa inaponya. Isingeponya, wasingekuwa na sababu ya kudanganya."

"Andika hivyo. 'Dawa hii ni nzuri mno, hata wagonjwa wameiiba.' Na picha ya geti la dereva uiweke, lilivyoacha kulia."

"Turudie, Mkuu. Watu wapya, mara moja tu. Nitawapaka mwenyewe kwa mkono wangu."

"Nani atakukabidhi watu wengine? Wewe si umechezewa na benchi zima miezi mitano, na kila mwezi unawasifu nidhamu?" Akajifuta vidole. "Nenda kachukue makopo. Kopo moja likibaki nje, nitasema na wewe ni mmoja wao."

Akashuka na boksi tupu. Alipita mbele ya benchi kama anayekusanya sahani. Mwalimu, kabla ya kutoa lake, alizungusha kidole ndani ya kopo hadi chini kabisa, akapaka kiwiko mbele ya macho yake bila aibu. Mama wa vitambaa aliuliza kama anaweza kununua. Dereva alitoa lake haraka, kisha akauliza itachukua muda gani. Hakuhitaji kusema ni muda wa nini.

"Wiki chache," alisema mtafiti. "Mara nyingi ugonjwa unarudi mzito kuliko ulivyoondoka."

Aliyasema hayo huku akiangalia ndani ya boksi. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Akabaki msusi. Kopo lake la kushoto lilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya mkoba.

"Lete, dada."

"Likienda linarudi lini?"

"Halirudi."

"Wateja wangu wamerudi wiki hii," alisema, kama anayezungumza na mkoba. "Jirani yangu hanisalimii kwa hasira."

"Nimesema lete."

Hakusogea. Hapo ndipo miaka saba yote ilipompanda Magamba kichwani, na yule mtu aliyezoea kuinamia miguu ya wafiwa akapaza sauti mbele ya watu. "Mmeiua wenyewe. Kuna kitu kigumu nilichowaomba? Mkono mmoja tu uvumiliwe, miezi mitano, basi. Leo hii mngekuwa mnaondoka na dawa, nyinyi na maelfu wengine msiowajua. Wewe na ulimi wako ndio mliowanyang'anya hawa wote."

Benchi likajongea kidogo, likamwachia msusi nafasi ambayo hakuiomba.

"Kweli," alisema dereva chini chini. "Mimi nilikuwa napaka vizuri tu, hadi aliponiambia."

"Mimi pia," alisema mwalimu.

Msusi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu vichwa vya kusuka. Hakulia. Alifungua mkoba, akatoa kopo, akaliweka ndani ya boksi taratibu lisigonge mengine. Kisha akashusha mkono wa blauzi, wa kushoto, akafunga kifungo. Akashusha wa kulia, akafunga.

"Sasa una la kusema?" aliuliza mtafiti.

"Mwezi wa kwanza, daktari, uliona mkono mmoja unapona na mwingine unatoka damu. Ukaandika, ukaniambia tuonane mwezi wa tano."