Simu Imefika Kasulu, Mwenyewe Hajafika

Uvumi niliusikia gengeni kwangu Rusimbi nikipanga nyanya: lori limelala Kalinzi, dereva kabanwa. Waliosema walikuwa wapita njia, hata siwajui. Nikajiambia si langu. Mwanangu Vedasto alikuwa amebeba unga wa wakimbizi, na njia ya kambini ni ya Kasulu. Kalinzi angefuata nini? Lakini yale maneno yaligoma kunitoka kichwani. Nikampigia, hapatikani. Nikamwachia jirani genge, nikaenda ofisi ya malori anakofanyia kazi.

Ni miaka ile Warundi walipojaa tena kambini. Kampuni ilikuwa imempa kila dereva simu ya ramani, ya kukaa garini muda wote ili ofisi ione gari liko wapi. Sisemi ubaya wa simu ile. Zamani dereva akiulizwa alipo anajibu yuko njiani, kumbe bado anakunywa chai Mwandiga, na akina mama kambini wanashinda juani na watoto mgongoni. Ramani ilipokuja wakawa wanaitwa gari likikaribia, wapakuaji wako tayari. Na gari likikwama, ofisi inajua pa kupeleka msaada.

Dorotea, dada wa ofisini anayeangalia magari, alinipokea vizuri. Akanipa kiti, akanigeuzia kompyuta. Alama ya gari la Vedasto ilikuwa inaikaribia Kasulu, imegandana na ya Martini, rafiki yake na dereva mwenzake. Akanitania kwamba mwanangu leo anakimbia kama anakwenda kuposa. Nikacheka, maana nilitaka kuamini. Niliposimama niondoke nikaukumbuka ule uvumi. Nikamwomba aipigie hiyo simu ya ramani, nimsikie tu mwanangu.

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Haloo, niko njiani," mtu akasema.

"Huyo si mwanangu," nikamwambia Dorotea.

Akanitazama, akairudia simu. "Wewe nani?"

"Ni Martini, dada. Vedasto kaniomba nimbebee simu. Alisema anapandisha Kalinzi mara moja kuchukua ndizi za kuuza, atanikuta Kasulu."

Nikamwambia Dorotea uvumi wa lori lililolala Kalinzi. Dorotea hakunigombeza wala hakuniliwaza. Alikuwa ameshashika simu nyingine, anaita gari la kuvuta. Nikapanda nalo.

Tulimkuta kwenye mteremko wa Kalinzi, njia imelowa mvua. Lori limelala ubavu, unga umechanganyika na tope na ndizi. Wenyeji walikuwa wamechimba kwa majembe tangu asubuhi, chuma kikawashinda, na simu ya Vedasto mwenyewe ilikuwa imepondeka, hawajui wamwite nani. Nikapiga magoti nikamshika kichwa.

"Mama, ofisi wamejua?"

"Wamejua, baba."

"Afadhali," akasema, akafumba macho.

Nilidhani ndiyo basi. Hakufa. Lakini daktari alisema mguu ulibanwa muda mrefu mno, kama angetolewa mapema ungepona. Wakaukata juu ya goti. Ana miaka ishirini na sita, na kazi anayoijua ni udereva.

Na kule kambini watu waliitwa kupanga foleni siku hiyo kwa kuwa ramani ilionyesha magari mawili yanakaribia; likafika moja, wengine wakarudi na magunia matupu.

Ninyi mnaoendesha, na sisi mama zenu, tuepuke haya:

Usimpe mwenzako simu ya ramani akubebee, hata kama ni mpaka kituo cha mafuta.

Usikubali kumbebea rafiki. Martini alidhani anamsaidia.

Usiache njia uliyoaga bila kumwambia mtu wa ofisi, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha.

Mama, usirudi nyumbani kwa sababu umeonyeshwa alama. Omba usikie sauti.

Ukiona lori limeanguka, usipite ukisimulia tu. Soma namba ya gari, upeleke polisi.

Usipakie ndizi juu ya mzigo wa watu.

Usiteremke Kalinzi na gari zito mvua ikiwa imenyesha.