Kitambaa Kilichokwisha Kupita

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifukuzwa kiwandani asubuhi, mbele ya wenzake. Kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa kwenye skrini. Kamera ilipiga picha kitambaa kikipita, naye akiona tundu au uzi uliokatika, anasimamisha mashine. Wateja walikuwa wamerudisha marobota mazima yenye matundu, na yeye hakuwa amesimamisha chochote.

“Macho yamechoka, mama,” msimamizi alimwambia. “Nenda kapumzike.”

Nyumbani hakulia. Aliomba sindano na uzi, akajaribu kutunga. Uzi ukagoma kuingia, naye akaona huo ndio ushahidi kwamba macho yamechoka kweli.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kiwanda hicho. Ile ya ukaguzi ni mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu isiyo na mwili wake, mmoja wa wapangaji kadhaa wanaoishi ndani ya seva moja kubwa, chini ya programu mwenyeji inayowagawia kumbukumbu. Nilishuka kwenye mtambo, nikatandika leso nyekundu chini ya kamera. Skrini ikaendelea kuonyesha kitambaa cheupe, safi kabisa. Nikasubiri. Cheupe vilevile.

Nilichimba mpaka nikaona. Mashine pepe ilikuwa imesema wazi kwamba kumbukumbu ya kadi inayopokea picha za kamera isiwekwe kwenye kache, ile hifadhi ndogo ya nakala za haraka, bali isomwe upya kila mara, maana picha hubadilika. Lakini mkuu wa kitengo chetu, kwa kutafuta kasi, alikuwa ameiamuru programu mwenyeji ipuuze maombi kama hayo na kuweka kila kitu kwenye kache. Basi prosesa, ubongo wa kompyuta, badala ya kwenda kwenye kadi, ilijichotea nakala ya zamani iliyokuwa karibu. Picha mpya ilipenya mara mojamoja tu, na vitambaa vyeupe vinafanana. Nani angeshtuka?

“Umesharekebisha?” mkuu aliniuliza.

“Ndiyo. Sasa mwenyeji anafuata inachosema mashine. Ila wifi yangu…”

“Kiti chake kina mtu tayari. Tusifukue makaburi.”

Jioni nilimweleza wifi, polepole. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Kwa hiyo sikuwa kipofu.”

“Hukuwa, wifi. Ulikuwa ukionyeshwa kitambaa kilichokwisha kupita.”

“Na wenzangu wanajua?”

Kesho yake nikawafuata wakati wa mapumziko, nikawasimulia yote. Waliinamia sahani zao. Mmoja akasema, “Mpe pole,” akaenda kunawa.

Wifi hakutaka kurudi kudai chochote. Alisema amechoka kutazamwa. Akafunga mizigo kwenda kuishi kwa mama mkwe wangu, na mume wangu ndiye aliyemsindikiza. Mimi sikuweza kwenda. Kiwanda kilikuwa kimeleta kamera nyingine, na mkuu alitaka niifunge kabla zamu haijaingia.