Rikazi ya Maalim Mwinjuma

Maalim Mwinjuma wa Mabwerebwere alikuwa amesomesha fikihi kwa miaka ishirini na sita kabla hajatambua kwamba elimu, ikitiwa tamaa kidogo, humpumbaza mtu kuliko ujinga wenyewe. Utambuzi huo ulimjia saa nne ya asubuhi, akiwa ndani ya shimo la kina cha kifua, kofia imejaa udongo, na watu wamemzunguka.

Mambo yalianza katika miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofurika katika maduka ya Magomeni na mashamba ya mkonge ya serikali yakaanza kutafutiwa wanunuzi. Ikatangazwa kwamba shamba la mkonge lililo jirani litauzwa kwa mwekezaji, na kwamba wapimaji watakuja kuhakiki mpaka. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa na ekari tatu kwenye mpaka huo. Alizirithi kwa baba yake, na ndani yake lilikuwamo bonde la mpunga lililowalisha mwaka mzima, kwani ualimu wa Maalim ulileta dua nyingi na chakula kidogo.

"Maalim," alisema Bi Sikudhani, "kafyeke pale kwenye jiwe la mpaka, wapimaji walione. Sisi hatuna karatasi nyingine."

"Nitafyeka, mama, inshallah."

Akafyeka, na balaa likaanzia hapo. Jiwe ambalo kwa miaka yote alikuwa akilikalia kufunga kamba za viatu, sasa, majani yalipoondoka, lilionekana lina msalaba mdogo, herufi mbili na namba. Akamwita Kornelio, mtani wake Mnyamwezi, mstaafu wa reli, ambaye babu yake aliletwa na Wajerumani kutandika mataruma.

Kornelio alilizunguka jiwe mara mbili, mikono nyuma, kama daktari.

"Mtani, Mjerumani hachongi bure. Babu aliniambia walipokimbia vita walizika mali chini ya mawe yenye namba. Namba ndiyo idadi ya masanduku."

"Hii ni mia nne na kumi na saba."

Kornelio alipiga mluzi. "Basi tutafute lori."

Mtu mwenye akili angecheka akaenda zake. Maalim alikwenda kufungua kitabu. Humo alikuta, kama alivyojua atakuta, mlango wa rikazi: mali iliyozikwa na watu wasio Waislamu zama zilizopita, aipataye hutoa khumsi, yaani fungu moja katika matano, na kinachobaki ni chake. Moyo wake ulitulia. Hakuwa mtu wa tamaa tena. Alikuwa mtu wa sheria. Mstari uliofuata ulisema kwamba rikazi ikipatikana katika ardhi yenye mwenyewe, basi ni ya mwenye ardhi. Mstari huo Maalim aliuona kwa pembe ya jicho, akaufunika kwa kidole gumba, kisha akafunga kitabu kwa adabu na kukibusu.

Siri hiyo aliitunza kwa siku mbili. Siku ya tatu, darasani, alijikuta akiuliza ikiwa khumsi ya dhahabu hutolewa papo hapo au husubiri mwaka upite. Wanafunzi wake, ambao wiki hiyo walikuwa bado katika mlango wa udhu, walitazamana. Kufikia Ijumaa wazee wa msikiti walikuwa wamekwisha kubishana juu ya rangi ya mabati yatakayonunuliwa kwa hiyo khumsi, na wawili kati yao hawasemezani hadi leo.

Kornelio alikuwa amesikia habari za Bwana Ditram wa Mikumi, mwenye kipimo cha madini kilichotoka Dubai. Maalim alisafiri juu ya lori la mahindi, na baiskeli yake ikiwa imefungwa kando. Alimkuta Ditram mahali malori yanaposimama kwa chakula, nyani wakichungulia masufuria. Walielewana upesi: kipimo kwa wiki mbili, na baiskeli ibaki Mikumi. Ya wiki mbili ilikuwa lugha tu. Maalim hakuiona tena baiskeli yake.

Kipimo kilipiga kelele juu ya jiwe. Kilipiga kelele pia juu ya panga, juu ya mkanda wa Kornelio, na juu ya jino la bandia la Maalim.

"Kina hisia kali," alisema Kornelio kwa heshima.

Ikabaki hoja ya kumwambia mwenye shamba. Maalim alimwambia mkewe kwamba anataka kuchimba choo.

"Choo shambani? Nusu saa kutoka nyumbani? Nani atakimbia umbali huo?"

"Ni kwa ajili ya wageni. Wale wapimaji."

Bi Sikudhani alimtazama kwa muda mrefu kuliko jibu hilo lilivyostahili. Lakini dada yake wa Kidete alikuwa mgonjwa na treni haikuwa ya kuchelewea. Akafunga khanga zake akaondoka.

Wazee wawili walichimba siku tatu, mchana kweupe, mmoja akichimba na mwingine akinukuu babu. Chini ya jiwe walikuta nondo fupi yenye kutu, ile iliyokuwa ikikiliza kipimo. Chini ya nondo walikuta udongo mwekundu. Wakapanua upande wa mkonge, wakapanua upande wa bonde, shimo likawa pana kama sebule. Walipokosa, Kornelio akasema huenda Mjerumani alikuwa mjanja zaidi, akatia mali ndani ya jiwe lenyewe. Alileta nyundo yake ya reli. Jiwe lilivunjika vipande kumi na moja, na ndani ya kila kipande mlikuwa na jiwe.

Asubuhi ya siku ya nne wapimaji walifika, wiki nzima kabla ya tarehe, wakiongozwa na kijana aitwaye Bryson. Nyuma yao walikuja majirani, na nyuma ya majirani, kutoka stesheni, Bi Sikudhani na mkoba wake.

"Shikamoo, Maalim," Bryson aliamkia kuelekea shimoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunatafuta bikoni, jiwe la mpaka, namba mia nne na kumi na saba."

Kornelio aliinua uso akaanza kukagua mawingu. Kisha akainama na kunong'ona: "Sema wezi wa vyuma chakavu. Sasa hivi wako kila mahali."

Bryson alikuwa akifungua ramani. "Kama limeng'olewa na mtu asiyejulikana, Maalim, mimi nitafuata mstari wa ramani ya mkonge. Unapita katikati ya bonde lile. Akiwapo aliyeling'oa, akaonyesha lilipokuwa, nitaandika maelezo yake. Ila kung'oa bikoni ni kosa, na jina lake nitaliandika pia."

Maalim alitazama bonde, akatazama majirani, akamtazama mkewe. Uongo ulikuwa umekwisha mfika ulimini, mtamu, umepambwa vizuri. Aliumeza.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa natafuta mali ya Mjerumani."

Kicheko kilichopasuka kiliruka hadi kwenye mkonge. Mtu aliuliza khumsi ya kutu ni kiasi gani. "Mabati ya kijani au mekundu, Maalim?" aliuliza mwingine. Maalim mwenyewe angecheka, kama asingekuwa ndiye aliye shimoni.

"Haya, nionyeshe lilipokuwa," alisema Bryson.

Maalim alionyesha. Kornelio naye alionyesha, hatua saba pembeni. Shimo lilikuwa pana mno; kila mmoja aliapa kwa imani yake, na hapakuwa na alama iliyobaki ya kuonyesha nani amekosea. Bryson alipima kutoka bikoni nyingine mbili za mbali, akasikiliza, akaandika, akapima tena. Jioni mpaka ukawekwa vigingi: nusu ya bonde ilibaki, nusu ikaenda kwa mwekezaji. Jina la Maalim likaandikwa kwa wino.

Usiku haujaingia, Maalim alimkuta mkewe barazani akichambua mchele. Alikuwa amekwisha omba toba kwa Mola, na aliamini Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisomesha kwamba haki ya mja haifutwi kwa sala. Sharti mwenye haki aombwe yeye. Hakuwahi kufikiri kwamba somo lile lilikuwa na uzito namna hii.

Akamweleza yote, hata ule mstari alioufunika kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo hata dhahabu ingepatikana," alisema Bi Sikudhani polepole, "ilikuwa yangu."

"Yako. Baada ya khumsi."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nakuomba radhi, Sikudhani."

Alipepeta ungo mara tatu. "Ulipochimba, ulinifikiria siku ngapi?"

"Hata moja."

"Basi na mimi nipe muda. Nikishasamehe nitakwambia." Akasogeza ungo wa pili mbele yake. "Huo una mawe mengi. Wewe si ndiye mjuzi wa mawe?"

Maalim aliketi chini, akavaa miwani, akaanza kuchambua.