Posho ya Towkie Mdogo

Mwezi wa nne ndio mwezi ambao Panniqtuuq nzima, mji wetu wa huku kaskazini kwenye barafu, hukumbuka kwamba ina serikali. Watu humiminika ukumbini na bahasha zao, hunywa chai ya bure, na Geela huwajazia taarifa za kodi kwenye kompyuta kwa kujitolea, akitaniwa na kila anayeketi mbele yake.

Asubuhi hiyo aliketi shangazi yake, Oleepa, mshonaji wa makoti ambaye sindano yake inasifiwa mpaka ng'ambo ya ghuba.

"Umeishi huku kaskazini mwaka mzima?" Geela aliuliza, maana nafuu ya kodi ya wakazi huanzia hapo.

"Ningekwenda wapi? Hawaii?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Haya. Watoto?"

"Ruka hapo."

"Shangazi, hapo haparukwi. Nikiruka hupati posho ya mtoto, wala ile ya jimbo."

"Nimesema ruka. Na chai yako inapoa."

Aruke vipi, na mji mzima unajua Oleepa analea? Miaka minne nyuma, mumewe Towkie alizama barafu ilipopasuka, na Oleepa akagoma kula. Geela, wakati huo mjamzito, alimwendea akamwambia aliye tumboni ni wake. Akazaliwa msichana, akapewa jina la marehemu, akabebwa siku hiyohiyo mpaka nyumbani kwa Oleepa, kama wazee walivyofanya siku zote, bila karatasi yoyote. Na kwa kuwa huku anayerithi jina la mtu hurithi na nafasi yake, tangu hapo Oleepa humwita "mume wangu," na mume huyo humwamrisha atakavyo.

Geela akatazama kwenye kompyuta. Posho ilikuwa imesimamishwa tangu kabla ya theluji ya kwanza. Watu wa kodi walitaka uthibitisho kwamba Oleepa ndiye mlezi, kwa sababu kwenye cheti cha kuzaliwa mama ni Geela. Huwezi kuwalaumu, huko kusini watajuaje namna watu wa huku wanavyopeana watoto?

Kumbe majira yote ya baridi shangazi alikuwa akimlisha mtoto kwa pesa za kushona tu, na bei za dukani unazijua! Na ile pikipiki ya theluji aliyoiacha marehemu, ambayo shangazi alisema imeharibika? Geela alipofunga kompyuta hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Jaypeetee, fundi injini, ambaye pia ndiye kamishna wa malezi ya kimila, mwenye mamlaka ya kuyatia mambo kama hayo kwenye maandishi.

"Pikipiki ya shangazi ina ugonjwa gani?" akamuuliza.

"Ile? Haina hata mafua," alisema Jaypeetee. "Aliiuza. Nilimwambia, mlete Geela aseme neno moja mbele yangu, nigonge muhuri, posho irudi. Akanitolea macho. 'Geela hatasimamishwa mbele ya mtu aulizwe kama alimtoa mwanawe.' Shangazi yako unamjua."

Geela alimjua, lakini si kiasi hicho. Mwanamke ameuza kumbukumbu ya mumewe, akala supu ya mifupa, akacheka na watu kila siku, ili tu Geela asiulizwe swali. Na ukweli ni kwamba swali hilo Geela mwenyewe alikuwa akilikwepa tangu mtoto azaliwe. Moyo ulimjaa heshima mpaka akashindwa kuaga.

Kesho yake alimburuta shangazi yake mpaka kwa Jaypeetee. Towkie mdogo alikuja nao, akitafuna samaki mkavu.

"Tunarudi nyumbani," Oleepa alisema mlangoni.

"Ingia, Shangazi. Leo na mimi nina kichwa kigumu."

Jaypeetee akafuta mafuta mikononi, akakohoa kiserikali. "Geela, ulimtoa mtoto huyu kwa hiari yako?"

Oleepa akamkazia Geela macho. Geela alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama kwa macho ambayo Geela huyaona kila asubuhi kwenye kioo. Akakaza taya.

"Sikumtoa. Nilimpeleka kwa mama yake. Andika hivyo."

"Karatasi haina nafasi ya maneno yote hayo."

"Basi andika ndiyo."

Muhuri ukagongwa. Towkie mdogo akataka na yeye agongwe mkononi, akagongwa, na akatoka nje akiuonyesha mkono huo kwa mbwa.

Posho ingerudi, Jaypeetee aliwahakikishia. Walipofika barabarani Oleepa alimshika Geela mkono.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Siyo muhuri. Niliogopa utalia. Mwanangu, ungetoa hata chozi moja, ningekurudishia mtoto wako palepale."

"Mimi nilie kwa ajili ya muhuri wa Jaypeetee?" Geela akacheka. "Nenda zako, Shangazi. Mumeo ana njaa."

Wakashika njia yao. Towkie mdogo aligeuka, akainua mkono wenye muhuri. "Kwa heri, Dada Geela!"

Geela akapunga mkono, akaendelea kupunga mpaka mlango wao ulipofungwa. Halafu akazunguka nyuma ya duka, pale ambapo jenereta hunguruma mchana kutwa, ndipo akalia.