Karatusi Chini ya Rangi Nyekundu

Théogène alikuwa amelipaka kabati la arusi la Uwizeye rangi nyekundu iliyoiva kama libuyu, ule mti wa bei kubwa unaotoka misitu ya Walikale. Mama Mukabaranga, mjane, mama yake Uwizeye, alimwachia Théogène, shemeji yake, apake, maana alidhani ni urembo tu. Mbao zenyewe zilikuwa karatusi iliyokatwa nyuma ya nyumba, hapa hapa Kingi.

Asubuhi hiyo wakwe walikuja na gari kupakia vyombo vya bibi arusi, na dereva akaliacha likinguruma mlangoni. Mama Mukundwa, shangazi wa bwana arusi, hakukubali kukaa. Alilizunguka kabati, akapitisha kiganja mlangoni, akakinusa.

"Hii njo libuyu?"

"Ya Walikale kabisa, Mama," Théogène akajibu upesi. "Ilipitia barabara ya Hombo."

Wakwe wote wakamgeukia mjane, kwa sababu ndiye anayeshika sadaka kanisani na watu wanaliamini neno lake. Akinyamaza, binti yake ataingia kwa watu na uongo mgongoni. Akisema, huenda gari likarudi tupu, na Uwizeye akabaki mlangoni na kitambaa chake cha arusi kichwani.

Ee Bwana, unifunge mdomo, akaomba moyoni. Papo hapo akaona aibu kumwomba Mungu kitu kama hicho.

"Iko karatusi, Mama," akasema. "Rangi tu njo inafanana na libuyu."

Théogène akaguna kama mtu aliyejipiga nyundo kidoleni. Hakuna aliyecheka.

"Na huyu bibi arusi," Mama Mukundwa akauliza polepole, "naye mulimupaka?"

"Hapana. Huyu iko vile nilimuzaa. Hasira yake, na kuchelewa kuamuka, vyote muko navyo hapo."

Uwizeye akainua uso. Shangazi akamtazama, akamtazama tena.

"Karatusi inashika misumari," akasema mwishowe. "Sisi kule juu mu milima tunajengea ngombe zizi nayo. Lakini jina ya uongo haipande mu gari yangu. Papa Théogène, tafuta kipande ya chupa, ukwangue hiyo rangi. Tuko hapa."

Akavuta kiti, akakaa.

Théogène akapiga magoti mbele ya wakwe wote, bila kumtazama shemeji yake. Chini ya kile kipande cha chupa ubao mweupe, wenye mistari ya waridi, ukaanza kutokea. Dereva akazima mota ya gari.