Wimbo wa Kumtumia Shemeji

Mimi Waisiko sina ugomvi na redio. Redio ni kopo lenye betri, linasema linaloambiwa. Ugomvi wangu ni na watu wanaoingia nyumbani kwa mtu, wanakunywa uji wake, halafu wanamuuliza anajisikiaje.

Felista ndiye aliyeanza. Ni mtangazaji wa redio ya jamii pale Mugumu, ana kipindi kinaitwa Sema Usikike. Kipindi chenyewe nilikipenda, sikatai. Walimsema mtendaji aliyekula michango ya zahanati. Walisema habari za tembo wanaomaliza mtama wa watu, na mwenye mtama anaambiwa asubiri fidia mpaka anazeeka. Walisema mwanamke naye arithi shamba, wanaume wa hapa Ringwani wakazima redio zao. Katikati ya maneno hayo fundi mitambo wao, binti anaitwa Ikram, anachomeka muziki. Leo nyuzi za litungu la kwetu, kesho taarabu, keshokutwa watu wa huko Mali wanalia kama mbuzi aliyenasa kwenye waya. Na wao nikawazoea. Nilikuwa nasikiliza huku napukuchua mahindi, nacheka peke yangu.

Sasa ukizoea kucheka ya wenzako, ujue yako yako njiani.

Mimi nilizaa wasichana watupu, nao wameolewa. Mume wangu Daudi alipofariki aliniachia boma na shamba. Matanga hayajaisha, shemeji yangu Nikolaus, mdogo wake wa tumbo moja, akaanza kupima shamba kwa macho. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume ana dawa moja tu, naye anaoa. Nikatoa ng'ombe, nikamwoa Elieth, binti wa kijiji cha Susuni, akae kwangu azae kwa jina la marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo, haikuanza jana. Akazaa mtoto wa kiume, tukampa jina la mume wangu, Daudi, na Nikolaus akafunga mdomo. Yule mtoto ndiye boma langu. Bila yeye mimi ni kikongwe tu aliyekaa kwenye ardhi ya watu.

Na mtoto wa nyumba ntobhu haulizwi baba. Kila mtu anajua kuna mwanamume alipita, hata mbuzi zizini wanajua. Lakini hatajwi. Asipotajwa, mtoto ni wa marehemu, imekwisha. Akitajwa mbele za watu, inabidi akubali au akatae mbele za watu, na hapo wazee wanampima mtoto upya. Kwa hiyo tunanyamaza. Kunyamaza si ujinga, ni ukuta wa nyumba.

Felista alikuja na shikamoo yake nzuri. Alisema anataka kipindi cha wanawake wanaosimamisha miji yao wenyewe, na tutakwenda hewani moja kwa moja kwa simu, hapo hapo uani kwangu. Nikavaa kitenge kipya. Nikaongea, na niliongea vizuri, muulize yeyote. Halafu akamgeukia Elieth.

"Dada Elieth, na wewe una sauti yako. Baba wa mtoto ni nani?"

"Hilo haliulizwi," nikasema.

"Ndiyo maana tunauliza, bibi."

"Basi endelea kuuliza."

Elieth akanyamaza, nami nikashusha pumzi. Nikajua tumevuka. Kumbe mwisho wa kile kipindi kila mgeni anachagua wimbo na kumtumia mtu. Felista akamwambia dada, wimbo gani, na unamtumia nani. Na huyu mke wangu, mpumbavu kuliko kuku wa kienyeji, anayesikiliza salamu za redio tangu asubuhi mpaka jioni, akazisema kama anavyozisikia kila siku, jina, kazi na mahali.

"Namtumia Steven, fundi pikipiki wa pale Kenyamonta, baba Daudi wangu."

Akacheka kacheko kadogo. Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikatamani immeze yeye.

Felista alifurahi mno. Wimbo haujaisha, namba ya Steven wameshaipata kwa msikilizaji, wanampigia, na wilaya nzima inasikiliza. Steven hakuchelewa kujibu.

"Huyo mama simfahamu. Mimi nina mke wa ndoa. Kama anatafuta baba wa mtoto, akaulize kijiweni kwa bodaboda, wako wengi."

Watu walicheka kule studio, nikawasikia. Elieth alikaa chini pale pale kwenye makapi ya mahindi, mkono mdomoni. Sikumhurumia. Nilichukua mwiko nikampiga nao mgongoni, na Felista akaniambia bibi, ukatili huo.

Jumapili wakarudia kipindi. Wiki iliyofuata wakakata kile kipande cha "baba Daudi wangu" na kacheko kake, wakakipachika mwanzoni mwa kipindi, ndiyo kionjo. Kila jioni Elieth anacheka redioni, na nyumbani analia. Nilimtuma mtu aombe wakitoe. Alirudi na jibu kwamba wasikilizaji wanakipenda.

Nikolaus hakuhitaji zaidi ya hapo. Aliita kikao cha wazee, akaweka simu yake kwenye kigoda na kuwasikilizisha yote, mwanamke anataja, mwanamume anakana. Mzee Simioni, mkubwa wa ukoo, akasema lililosemwa mbele za watu halimezwi. Aliyetajwa amekataa. Mtoto si wa marehemu tena, wala si wa Steven. Shamba na boma viende kwa Nikolaus, na mimi nitakaa pale mpaka Mungu anichukue.

Tangu siku hiyo Nikolaus alipita kwangu kila asubuhi akienda kulima shamba langu. Anasimama mlangoni, anavua kofia, mtu wa adabu kweli kweli.

"Shemeji, umeamkaje? Mtoto wa kila mtu hajambo?"

Na Daudi, maskini, anamwitikia hajambo, kwa sababu anadhani anasalimiwa.

Sasa Mzee Simioni hakuwa mtu mbaya. Alikuja siku moja kana kwamba anatafuta ndama, akaongea na sisi wawili taratibu. Alisema maneno ya redio yanapoa kama uji. Tukinyamaza mpaka mavuno, bila kesi, bila kelele, yeye atawashika wazee, na mtoto atakatiwa kile kipande cha mtoni. Si kingi, lakini ni udongo mzuri, na jina litabaki.

Elieth alinishika magoti. "Mama, tunyamaze. Nakuomba. Kile kipande kinamtosha Daudi."

Nikasema sawa. Na nilinyamaza, msidhani sikunyamaza. Nilimeza lile neno la Nikolaus asubuhi baada ya asubuhi.

Halafu Felista akarudi. Machozi yalimlengalenga, akasema roho inamsuta, anataka kufanya kipindi kingine cha wajane wanaonyang'anywa mashamba. Nije mwenyewe studio, Mugumu. "Bibi, sauti yako ndiyo silaha yako."

Elieth akasema usiende. Nikamwambia nakwenda kusema habari za wajane tu. Asubuhi ya kwenda, natoka mlangoni na kitenge changu, Nikolaus huyo hapo, kofia mkononi.

"Shemeji, unakwenda wapi umependeza hivyo? Kumtafutia mtoto baba mwingine?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilipanda pikipiki na hasira yangu, na mpaka nafika Mugumu ilikuwa haijapoa.

Studio yenyewe ni kichumba kimebandikwa trei za mayai ukutani. Ikram alinipa maji. Niliongea habari za wajane, Felista anatikisa kichwa, watu wanapiga simu kunipa pole. Nilimkumbuka Elieth na kile kipande cha mtoni. Nasema kweli, nilikikumbuka vizuri kabisa. Mwishoni Felista akatabasamu.

"Na wimbo, bibi? Unamtumia nani?"

"Namtumia shemeji yangu Nikolaus wa Ringwani. Yeye na marehemu mume wangu ni watoto wa nyumba ntobhu, kama Daudi wangu. Mama yao aliolewa na bibi Verdiana, mjane mwenye ardhi tunayogombea, wazee wote wanajua. Baba yao hawamjui. Mimi namjua, mama mkwe aliniambia kabla hajafa. Alikuwa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, alikuja na fimbo yake, akaondoka na fimbo yake, ukoo wake haujulikani. Basi wimbo namtumia Nikolaus na huyo baba yake, popote alipo, ajitokeze amkubali mwanawe."

Ikram alinitazama kama anataka kulia. Felista yeye macho yalimng'aa.

"Na ni wimbo gani, bibi?"

"Wowote. Wenye kelele."

Wakanipigia ule wa watu wa Mali. Nilifurahi. Nilifurahi njia nzima ya kurudi, mpaka dereva wa pikipiki akaniuliza kama natoka harusini.

Kikao cha pili hakikuwa kirefu. Binamu zao wa upande mwingine wa ukoo nao wana redio, nao walikuwa wanasubiri. Mzee Simioni alinitazama mimi tu, hakumtazama Nikolaus. Akasema ametajwa mbele za watu, na wa kumkubali hayupo. Nikolaus hana haki kwenye ardhi ya Verdiana. Marehemu Daudi naye hakuwa nayo. Kwa hiyo hakuna boma langu, hakuna shamba, hakuna kipande cha mtoni. Vyote viende kwa binamu.

Siku binamu walipokuja kung'oa mipaka, walinipa shikamoo kwa heshima zote. Nikolaus alikuwa anapakia kitanda chake kwenye mkokoteni. Nilikwenda mpaka pale.

"Shemeji, umeamkaje? Mtoto wa kila mtu hajambo?"

Aliendelea kufunga kamba. Nilikuwa nimeisubiri ile asubuhi, na ilikuwa tamu, halafu ikaisha.

Nilipogeuka, Elieth alikuwa amesimama njiani na furushi kichwani, amemshika mwanawe mkono, wanarudi kwao Susuni.

"Mama, ulijua kwamba ukisema, na Daudi anakosa."

"Nilijua."

Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu mtoto amwiteje sasa, maana jina alilonalo ni la mtu asiye na ukoo. Mtoto naye akanitazama, anangoja kusikia anaitwa nani.

Nikamwambia mama yake amwite anavyotaka.